Mdomo wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekuwa rais kwa saa nzima! Ndiyo kazi ya mkalimani — mkubwa akisema "mimi", nami nasema "mimi". Jirani, yaani rais wa ng'ambo ya mpaka, alilalamikia goti. Nami kwa heshima zote: "Goti langu linanisumbua sana." Mhudumu wa chai, maskini, akanisogezea mimi kigoda. Wakubwa walicheka mpaka machozi.

Kisha mhudumu nje, wasaidizi nje, simu zote kikapuni, mlango ukafungwa. Tukabaki watatu. Jirani haji na mkalimani wake, ananiamini. Najivunia hilo, acha niseme ukweli.

Nyumbani mdogo wangu kanidaka mlangoni, tumbo mbele: wamesemaje? Nikamwambia wamesema chai ilikuwa ya moto. Akaniita Kufuli, kama kawaida yake.

Jumanne, 5 Machi

Leo sicheki. Nitaandika, halafu ukurasa huu nauchoma jikoni, maana nisipolitua mahali nitapasuka.

Ijumaa asubuhi mpaka unafungwa, pande zote mbili, mwezi mzima. Wanataka kuwanasa wauza silaha wakiwa katikati, hawana pa kukimbilia. Neno likivuja, ndege wameruka — au mbaya zaidi, askari wetu watakuta wanasubiriwa. Jirani akasema, nami nikasema: "Mimi sijamwambia hata mke wangu."

Sasa shemeji. Dereva wa lori! Keshokutwa anavuka na saruji, arudi Jumamosi. Atarudi na nini, mabawa? Mdogo wangu anajifungua wiki ijayo. Mtoto wa kwanza alizaliwa baba yuko safarini, na mdogo wangu akaapa hazai tena bila mkono wa mumewe wa kung'ang'ania.

Jumatano, 6 Machi

Chakula cha jioni. Shemeji kauliza: redioni wanasema mazungumzo yamekwenda vizuri, basi njia ni nyeupe, au sio? Nikampakulia mchuzi. Nikamwongezea.

Mdogo wangu akaacha kula. Ananijua huyu! Nisipojua kitu naropoka, nabashiri mpaka mvua. Nikijua, napakua.

"Kufuli, mbona sahani ya mume wangu imefurika?"

Nikasema anahitaji nguvu. Mama akachomekea kuwa kimya kingi kina mshindo. Nikamwambia mama ale.

Nikajaribu ujanja. Tairi zako vipi, shemeji? Mpya. Na kile kikohozi? Kimepona zamani. Loo, mtu mzima wa afya anakera hivi!

Alhamisi, 7 Machi

Naandika bafuni, nimekalia ndoo iliyogeuzwa. Lori linanguruma nje.

Shemeji haondoki mpaka nimwambie "safari njema". Mara moja tu aliondoka bila hiyo, akapasukiwa tairi mbili, tangu hapo ni mwiko. Leo mdogo wangu kamshika mkono, akanikazia macho. "Haya dada, mwambie. Kama siku zote."

Nikafungua mdomo. Nikakohoa. Nikasema tumbo linanikata, nikakimbilia huku.

Sijasema kitu! Kiapo changu cha kutunza siri za kazini kizima, hakina hata mkwaruzo. Neno moja halijanitoka — na hilo ndilo balaa lenyewe. Naogopa. Hao askari nao wana dada zao.

Wiki nzima nimesema "mimi" za watu bila kukwama. Hili la kwangu, maneno mawili, limenikaba.

Mdogo wangu anagonga. Haulizi mpaka, haulizi wakubwa. "Dada, toka umwambie tu aende." Nimefungua bomba ili nisimsikie.

Nimelifunga. Injini imezimwa.

Atabaki! Mungu wangu, atabaki. Nimecheka peke yangu humu kama mwendawazimu.

Ngoja. Shemeji anaongea hapo uani, chini ya dirisha. Si na mke wake. Yuko kwenye simu, na dereva mwenzake.

"Umefika wapi? Hebu paki kwanza. Wewe paki tu. Na huyo aliye nyuma yako mwambie —"