Saladi ya Kukhu

Jumapili, 6 Julai

Kutoka Kitale mpaka Bungoma hakuna mtu wa kunishinda na kisu. Hakuna! Nikikata kitunguu, kitunguu ndicho hulia. Shefu Kipkemboi aliniajiri nioshe sufuria hapa hotelini. Huu ni mwezi wangu wa tano tu, na saladi zote ni zangu. Na shule niliachia Form Two!

Baridi imezidi wiki hii. Wageni wanaitisha ile yangu mpya: majani machanga ya saga, ile mboga chungu ya kienyeji, mabichi, na machungwa niliyomenya mpaka ile ngozi nyeupe ikaisha, ndimu, asali kidogo. Uchungu na utamu vinapigana mdomoni. Shefu akaonja, akaonja tena. Ati, "Wekoye, mkono unao. Shida ni huo mdomo." Wivu tu.

Phelista amepiga simu. Dada yangu ndiye anakaa na Kukhu kule Kamukuywa. Kukhu, nyanya yetu, ndiye alitulea sisi wawili, hatuna mwingine. Figo zake zimekataa kazi. Jumanne anaanza kuoshwa damu na mashine huko Bungoma. Na hali chochote! Ati kila chakula kina ladha ya misumari. Nimeomba ruhusa.

Jumanne, 8 Julai

Hospitali, Bungoma. Kukhu amelala kando ya mashine, shuka mpaka kidevuni. Amekonda — mkono umekuwa kama mwiko. Nikamwambia msichana mrembo hivi halali mchana, watu wataongea. Akasema nimtolee ujinga wangu hapo. Lakini alicheka.

Phelista alikuwa kwa foleni ya karatasi. Mimi ndiye nikaachwa nimsikilize nesi wa mambo ya chakula. Lorna. Ana mwanya, na anacheka vizuri. Aliongea, akaongea! Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amekula lunch. Akasema, "Kijana, sikiza kwanza."

Phelista akarudi: "Amesema nini?"

Chumvi, nikamwambia. Asipewe chumvi. Basi.

Alhamisi, 10 Julai

Uji vijiko viwili. Ukarudi wote. Ugali hataki hata kuuona. Phelista alilia jikoni, akasingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Jumamosi, 12 Julai

Mimi ni nani? Mimi ni nani, bana!

Jana tulimpeleka kwa mashine tena, akarudi akiwa hoi. Leo asubuhi nikaenda sokoni, nikachagua saga laini kabisa, zile ncha tu. Machungwa matano. Phelista akanikuta nikiosha majani.

"Mabichi? Kwani Kukhu ni mbuzi?"

Nikamwambia hoteli kubwa za dunia wanakula hivyo, yeye akae na moshi wake. Akaangalia yale machungwa. Akauliza kama nesi aliyakubali. Nikasema ndiyo. Si matunda ni afya?

Kukhu akaketi kitandani. Akashika jani moja na vidole, akalinusa, akaweka mdomoni. Tukangoja. Akatafuna pole pole.

"Hii ni kachumbari ya wapi?"

"Ya Kitale, Kukhu."

"Haina misumari." Halafu akanyoosha sahani. "Ongeza."

Alimaliza yote! Akanywa na ile maji ya machungwa iliyobaki kwa bakuli. Phelista akanikumbatia, yeye ambaye hanikumbatii hata Krismasi. Na chumvi sikutia. Hata punje.

Jumapili, 13 Julai

Sahani mbili leo, moja mchana, moja jioni. Mama Pauline jirani alitoka kanisani moja kwa moja mpaka kwetu, akitaka kufundishwa. Nikamwambia ajiandikishe, darasa linajaa haraka. Kukhu akasema kwa sauti, "Huyu ndiye ameniponya." Mbele ya watu!

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi miguu ya Kukhu ilikataa. Kukhu akajaribu kushika kikombe, kikamponyoka. Akasema moyo wake unasimama kidogo, halafu unaendelea. Nilifanya mzaha, sijui hata mzaha gani. Hakuna aliyecheka. Mume wa Mama Pauline akatuleta Bungoma kwa pikapu.

Wamemjaza nyaya kifuani. Daktari aliita watu kwa sauti ya juu. Lorna akatoka mbio, akauliza amekula nini tangu Ijumaa. Phelista akajibu, "Saga mbichi na machungwa. Si wewe ulimwambia Wekoye hayana shida?"

Lorna akaniangalia. Akarudi ndani.

Sasa ni mimi na Phelista kwenye benchi. Ameniuliza mara mbili: "Si alisema chumvi tu?" Mara mbili nimesema ndiyo. Nikaongeza ati manesi wana wagonjwa wengi, husahau. Amenipa mgongo, anaomba. Naandika nisimwangalie.

Lorna hakusahau. Alisema machungwa hapana. Alisema mboga zichemshwe, maji yamwagwe, zichemshwe tena, kwa sababu kuna kitu ndani ambacho figo zikishindwa kukitoa kinaenda kupiga moyo. Alirudia. Nilikuwa namwangalia mwanya, lakini masikio yalikuwa yanafanya kazi. Nilisikia yote.

Na Jumamosi nilikumbuka. Hiyo ndiyo nilikuwa sitaki kuandika. Kisu kilikuwa mkononi, nimeshamenya machungwa mawili, na sauti ya Lorna ikaja wazi kabisa, kama amesimama hapo jikoni.

Nikamenya la tatu.