Mguu Wangu wa Kushoto na Mabeki wa Bendera

Kalemie, tarehe 9 Agosti 1984

Mpendwa mdogo wangu Télesphore,

Pokea salamu zangu zikiwa bado za moto. Hali yako huko Bendera, kwenye mitambo ya umeme? Kifua kimepona? Mama Hélène na watoto wanakula vizuri? Sisi hapa tunaamka, tunasali, tunafanya kazi. Mke wangu Odile ni mzima, anaimba toka asubuhi mpaka jioni, na hiyo njo inanitia wasiwasi. Mwanamke haimbi hivyo bila kuwa na kitu amekificha.

Ndiyo maana ninaandika nikiwa bandarini, juu ya gunia la mahindi. Nyumbani kuna macho.

Nianze na swali. Katika barua yako ya mwezi uliopita uliniuliza: "Yaya, kaka yangu mkubwa, mguu wa kushoto unaendeleaje?" Nilisoma mara ya kwanza nikasema, tazama mdogo wangu alivyo na heshima. Nikasoma tena, nikasimama. Wa kushoto? Nani alikuambia kwamba nina mguu mgonjwa, na nani alikuchagulia upande? Mimi sijakuandikia hata nusu ya neno. Wenzangu wenyewe wa timu ya Maveterani wa Bandari nimewaficha.

Basi, kwa kuwa umeshaingia kwa mlango wa nyuma, nikupitishe kwa mlango wa mbele. Kifundo kilipinda siku ile niliporuka kutoka kwenye mashua kule Kigoma, nikiwaonyesha Watanzania jinsi watu wa Zaire tunavyoshuka. Nikashuka kweli. Toka siku hiyo hakijashika tena. Siyo kwamba kinauma kila siku, hapana, kinanivizia. Naweza kutembea wiki nzima kama bwana komiseri, halafu kijiwe kama njugu kinakipindua, paap, niko chini. Kimenipindukia kwenye ngazi za kanisa, na suruali yangu nyeupe. Kimenipindukia kwenye salongo, mkubwa wa mtaa akasema nakwepa kazi za taifa. Muganga wa dispensari alisema mishipa imelegea kama lastiki ya kaptula ya zamani, niache mpira. Niache! Mimi, winga ambaye Bujumbura walinipigia makofi hata watu waliokuja kuuza vitunguu tu! Nilimshuku palepale. Kaka yake anacheza winga kama mimi, anaitaka nafasi yangu.

Kwa hiyo kila Jumapili najificha nyuma ya ukuta, nakikaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, juu naweka soksi mbili. Mtu akiuliza, nasema ni mtindo wa Ulaya.

Sasa sikiliza. Msimu huu nimekuwa hatari. Nashika mpira, napita, nafunga. Timu ya walimu ina beki anaitwa Valère, sisi tunamuita Shoka, na ukimwona unajua kwa nini. Huyo alinitazama nikipita kama mtu anayetazama maandamano ya askofu. Nikasema moyoni, Onésime, jina lako peke yake linasukuma watu. Mchezo wa pili, vilevile. Hapo nikaanza kunusa. Nikausimamisha mpira mbele yake, nikaweka mikono kiunoni. Naye akaweka mikono kiunoni. Tukabaki hivyo, watu wanapiga miluzi. Kisha akaninong'oneza: "Pita, Papa Onésime, unatuchelewesha."

Ndugu yangu, usingizi ulinikimbia. Nilifikiri wamekula kitu cha mtu. Nilifikiri wananinenepesha kusudi, wanivunje vizuri siku ya fainali. Mwishowe nikamkuta Shoka mahali anapokunywa bia, nikakaa karibu naye.

"Shoka, sema kweli. Nani amekutuma?"

Alicheka mpaka povu likamtoka puani. "Bibi yangu, mama ya watoto! Alisema siku nitagusa ule muguu wako wa kushoto, nitajipikia mwenyewe mwezi muzima. Na golikipa wetu, bibi yake alimuambia vilevile. Mama Odile alipita kwa bamama yote ya korali."

"Aliwaambia nini?"

"Alisema: muachieni bwana yangu mupira wake, lakini muguu munirudishie."

Nilimlipia bia yake, nikatoka bila kumaliza yangu. Kumbe magoli yote niliyowaandikia kwa majivuno, ya mwezi wa tano, ya mwezi wa sita, yaandikeni kwa jina la korali ya parokia. Bwana mzima nimechezeshwa na wanawake wakiwa wameketi.

Odile sijamwambia neno. Namtazama tu. Kila Jumapili jioni nakuta karai la maji ya moto yenye chumvi karibu na kiti changu. Siku zote nilifikiri limebaki kwenye kazi yake ya samaki, nikatumbukiza mguu kwa kuona linapotea bure. Sasa nalitazama lile karai kama polisi.

Ndiyo maana mchezo wa Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, tutakapopanda lori kuja kwenu Bendera, niliungoja sana. Huko Odile hana korali. Huko njo nitajua kama bado ni mchezaji au ni mzee anayeachiwa njia. Halafu wewe unaniuliza habari ya mguu wa kushoto! Télesphore, kama amekuandikia, basi ikomee kwako. Yule beki wenu Germain, mwambie anikabe kama anavyokaba watu wote. Kifundo kikikatika, kikatike nikienda kufunga goli la haki. Nimesema.

Jambo lingine. Leo asubuhi Odile amenipa kifurushi cha samaki, mikebuka mikavu, dereva anayeleta barua hii akilete pia, cha mtu anaitwa Mama Immaculée. Nikauliza ni nani. "Rafiki wa zamani." Odile hajafika Bendera hata siku moja! Nikamuuliza dereva. Akasema, ah, Immaculée, si mke wa Germain?

Nimekifungua. Wale samaki wakubwa, Télesphore, wale ambao mimi mwenyewe naambiwa wameisha.

Kifurushi kiko hapa mbele yangu, tunatazamana. Muda si mrefu uliopita nilipanda ubao wa kuingilia mashua na gunia begani, kifundo kikacheza, nikaning'inia kidogo juu ya maji. Sikuanguka. Lakini nikwambie kitu cha ajabu: pale juu sikukumbuka goli hata moja. Nilikumbuka karai.

Msalimie sana Mama Hélène, umbusu yule mtoto mnayesema ana kichwa changu, maskini. Shangazi Adrienne akishuka kutoka Kirungu, mwambie bado ninamdai busu. Mungu awafunike wote, awaepushe na homa na watu wa maneno mawili.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata unaponificha mambo,

Onésime

Nyuma ya karatasi: Dereva anapiga honi. Kifurushi nimekifunga upya kwa kamba ya bandari, haifunguki ovyo, na nimeongeza samaki wawili niliowanunua mwenyewe hapa gatini. Mfikishie Mama Immaculée mkononi. Lakini iwe kabla ya ile Jumapili ya mchezo, siyo baada.