Kadi Mbili za Chepkemoi

Jumatatu, 25 Novemba 1996

Barua ya Chepkemoi imefika leo, imeletwa na kondakta wa basi. Anapata digrii yake Ijumaa, Eldoret, saa nne asubuhi. Kila mwanafunzi amepewa kadi mbili za wageni. Bila kadi hupiti geti. Zimo ndani ya bahasha, na mwenyewe ameshagawa – moja ya Baba, moja ya Kogo. "Mama, najua utaelewa. Tutapiga picha nje."

Nimeelewa! Nimesoma mara tatu nikielewa, mpaka ugali ukaungua.

Sawa, Kogo ndiye alimlea. Kogo ni mama yangu mimi. Nilipoenda chuo cha ualimu mtoto alikuwa na miaka mitatu, kisha nikapelekwa kufundisha mbali, nikamchukua akiwa darasa la sita. Lakini nani alimzaa? Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumanne, 26 Novemba

Kumbe msichana wetu wa digrii amesahau jambo moja. Sisi Wakipsigis, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Wanasalimiana kwa mbali. Hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Na kadi zina namba za viti – 211 na 212. Bega kwa bega, masaa manne mazima!

Nikamwonyesha mume wangu, Kipkurui. Akaangalia namba, akakuna kichwa, akaenda kukamua ng'ombe. Walikuwa wameshakamuliwa.

Nilingoja aseme, basi Janeffer, chukua yangu. Hakusema. Na mimi siombi.

Jumatano, 27 Novemba

Kipkurui ameosha lile gari lake kutoka asubuhi. Alilinunua kwa mmisheni aliyekuwa anarudi Amerika. Lina vitanda viwili, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua, na usukani uko upande wa kushoto. Hapa kwetu Silibwet hakuna mwingine anayeweza kuliendesha. Hata yeye nina wasiwasi naye.

Nimeuliza, basi lina shida gani? Anasema watu wa Eldoret lazima waone tumefika. Watu gani? Nani anatujua huko?

Nimepiga pasi, nimeoka, nimefunga kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kwa sherehe ambayo nitasimama nje ya geti.

Alhamisi, 28 Novemba

Saa tano, Roret. Tulikuja kumchukua Mama na kumpa kadi yake. Ametoka na kitambaa kipya na koti lake la kanisa, akachungulia ndani ya gari, akarudi nyuma.

"Hii ni nyumba," akasema.

"Mama, ni gari. Ona magurudumu."

"Kuna kitanda. Kuna jiko. Kitanda ni ya nani?"

Nikavuta pazia. Ni changu na Kipkurui, nani mwingine atalala hapo?

"Basi ni nyumba ya mkwe wangu. Mimi siingii."

Kipkurui amesimama huko kwenye chai ya jirani, mgongo kwetu, anakagua majani kama ofisa wa kilimo. Amesikia kila neno. Hakunisaidia hata kidogo.

Tumebishana saa nzima. Mwishowe Mama mwenyewe akatoa hukumu. Likitembea ni gari. Likisimama ni nyumba. Nitundike shuka katikati, yeye akae nyuma, Kipkurui mbele, na tukisimama mmoja wao ashuke mara moja.

Nimetundika shuka. Shuka yangu nzuri, kwa misumari!

Baadaye, Kericho. Sijui nianzie wapi. Karibu na Kapsoit – hapana, hiyo ni mbele, akili yangu imechoka – hapo kabla ya mji, polisi walisimamisha magari. Kipkurui akaruka nje kabla gari halijatulia. Polisi wakadhani anatoroka, wakamkamata shati. Nikashuka kueleza habari ya mama mkwe. Yule afande, kijana wa kwetu, akachungulia, akamwona Mama nyuma ya shuka, akavua kofia. "Mzee yuko sawa," akawaambia wenzake. "Mwacheni asimame huko mbali."

Halafu mkanda wa feni ukakatika. Injini ikachemka. Mursik ikamwagika kwenye vitanda vyote viwili. Mvua nayo, kama kawaida ya Kericho, ikaanza saa nane kamili.

Tumevutwa mpaka gereji ya Gitonga. Gitonga anasema mkanda wa gari hili haupatikani Kenya hii, atakata wa mashine ya kusaga posho. "Mama, itafika. Kurudi ndio sijui." Sisi wanawake tutalala ndani na harufu ya maziwa. Kipkurui atalala kwenye benchi la gereji.

Nilipompelekea chai alinivuta kando. Akatoa kadi mfukoni. "Chukua. Kaa na mama yako. Mimi nitachunga gari." Macho chini. Nikamuuliza, na Chepkemoi? Akasema atamwona kwenye picha. Huyu mtu amekata nywele mara mbili wiki hii.

Nimefurahi, na nimeona aibu kufurahi.

Ijumaa, 29 Novemba

Saa kumi na mbili na nusu, tunatembea. Mkanda wa posho unalia lakini unavuta. Mwandiko unapinda, si mimi. Chai pande zote mbili, wachumaji wameshaingia na vikapu. Tukienda hivi, saa tatu na nusu tuko getini.

Mama aliniamsha alfajiri, koti limeshafungwa vifungo vyote. Akafungua fundo la leso, akanipa kadi yake.

"Wewe enda na bwana yako. Mtoto ni yenu. Mimi nilishika tu."

Nikamwambia Mama, ni wewe alikutaka. Akasema najua, na akageuka kutandika kitanda chenye mursik.

Nililia kwa choo cha Gitonga. Nikanawa.

Kwa hiyo zote mbili ziko hapa, ndani ya shajara hii. Wameniachia hesabu yao bila kuulizana. Nikimrudishia Mama, Kipkurui anabaki kuchunga gari siku mtoto wake anasomwa jina. Nikimrudishia Kipkurui, Mama anabaki nje, na Chepkemoi atatafuta koti hilo kwenye viti asilione. Nikirudisha zote, wataketi 211 na 212 wakiangalia pande mbili za dunia. Pengine kwa ajili yake wangeweza.

Lakini moja sirudishi. Nimesema. Nimeandika na wino.

Kipkurui ananiuliza polepole kama Mama anafurahi kwamba ataingia kwenye sherehe. Mama ananong'ona nyuma ya shuka, Kipkurui amevaa tai? Asiingie bila tai.

Nimewaambia ndiyo, wote wawili.