Rangi Mupya ya Motoka ya Papa Bea

Siku ya kazi moja, tarehe 8 Agosti 1994

Bea amenyonya, amelala. Nikatoka na beseni kumwagia motoka mayi. Sawa na jana. Mayi baridi, polepole, kuanzia juu ya paa mpaka vumbi inashuka yenyewe. Kupangusa hapana. Papa Fele, fundi wa kule Kikula aliyeipiga rangi, alituambia mara mbili: mwezi muzima sabuni hapana, mafuta hapana, kitambaa kikavu hapana. Vumbi ni muchanga. Ukipangusa, umekwaruza.

Siamini kama ni ile ile motoka. Mwezi wa tano lori ya makaa iliigonga, mulango ikaingia ndani sawa kopo. Bwana yangu, Papa Bea, alitoka muzima, hata damu hapana. Sasa unatafuta pale iligongwa, huoni. Rangi ya bleu muzuri, inameta. Asubuhi nilijiona ndani ya mulango, minye na mutoto mugongoni. Nilicheka peke yangu.

Siku ya posho, tarehe 13, kuko ndoa. Familia moja ya kule Panda banatafuta motoka ya kubeba bibi harusi. Batakuya kuiangalia siku ya kazi tano jioni. Bakiipenda, ni kazi yetu ya kwanza ya kulipwa tangu ajali, kwa sababu kule kiwandani habamulipe tena Papa Bea. Bunga ya mahindi iko chini kabisa ndani ya mufuko. Na ile rangi Papa Fele alimaliza kopo ya mwisho. Muji muzima hakuna ingine. Kitu kikiharibika sasa, kitabaki vile.

Siku ya kazi mbili, tarehe 9

Robine kavu tena, mayi ya bomba haitoke. Nilivuta mayi kwenye kisima cha Mama Odile, jirani. Nikayachuja na kitambaa cha Bea kwanza, kwa sababu ya muchanga. Mama Odile akaniangalia.

"Mama Bea, sasa uko na mapacha? Huyu wa bleu na yeye ananyonya?"

Wamama wote pale kisimani bakacheka. Minye pia. Ni kweli. Ninaoga mutoto, kisha ninaoga motoka. Mutoto analia. Motoka hailie.

Papa Fele alipita saa ya kutoka kazini. Hakugusa kitu. Aliinama karibu na kapo, kifuniko ya mashine pale mbele, akavuta harufu sawa muntu anaonja mboga. "Ingali inapumua," alisema. "Musiifunike. Ukifunika, utaizima pumzi." Muntu mufupi, kucha za rangi zote. Mastiki, ile ya kujaza pale palibonyea, aliisugua na mukono siku mingi, bila mashine, kwa sababu courant ya umeme inakatika kila wakati. Siku ya kupiga rangi alimwaga mayi chini ndani ya garaji yote, vumbi isipande, akavaa koti ya mvua ya bibi yake. Papa Bea alinielezea hivyo na heshima sawa anaelezea padri. Na minye ninamuheshimu. Muji unabomoka, yeye anafanya kitu kinakuwa mupya.

Siku ya kazi tatu, tarehe 10

Kambo amefika. Mama ya bwana yangu, tunamuita Kambo tangu Bea azaliwe. Ametoka kijijini, kando ya ziwa Tshangalele, juu ya kamyo ya samaki. Hakumuona mutoto yake tangu ajali. Alimushika kichwa, akamushika mabega, mikono, sawa muntu anahesabia kuku kama yuko na mabawa yote. Kisha akamupiga kofi kidogo. "Ulitaka kuniacha? Nani atanizika?" Papa Bea akacheka, lakini macho yake ilikuwa na mayi.

Alileta samaki ya kukausha mingi. Tumekula bukari na samaki mpaka Bea akanusa mikono yangu. Ninamupenda huyu mama. Kazi yake haina kelele.

Nimemuonyesha motoka. Alisimama mbele yake. Akaniuliza: "Ni hii ilimurudisha?" Nikasema ni hii. Mambo ya rangi sikumuambia. Nilifikiri ya nini kumuchosha.

Siku ya kazi ine, tarehe 11

Nitaandika yote.

Asubuhi Papa Bea alitoka na bidon kutafuta esansi ya motoka. Niliona alama nyeupe kwenye paji yake. Pemba. Kwa Kambo, muntu aliyetoka kwenye kifo anapakwa ule udongo mweupe, ni furaha, ni kusema wahenga bameona. Nikafurahi. Nikaingia kumuoga Bea.

Nilisikia Kambo anaimba nje. Sauti muzuri. Nilimuvalisha mutoto polepole ili nisikie mpaka mwisho.

Nikatoka. Motoka ni nyeupe.

Kapo, paa, milango yote. Alichanganya pemba ndani ya bakuli yangu ya mboga ya sombe, na alikuwa anaipaka na mukono muzima, na nguvu, na macho imefunga. Anaishukuru. Udongo, ndani yake kuko bijiwe bidogo. Jua ilikuwa inaanza kuukausha.

Nilipiga kelele. Kambo akafungua macho. Sijapata kumupigia kelele mama ya bwana yangu. Nikaona haya, na hasira ikawa ingali pale pale. Nilitaka kumusukuma. Ndiyo, nilitaka.

Mama Odile akaruka kutoka kwake na tambara kavu mukononi, eti asaidie kupangusa. Nikamushika mukono. "Tambara hapana! Utaimaliza!" Akasema: "Ao weye leo umekunywa nini?"

Nikakaa chini kidogo. Nikafikiri: Bea wakati uchafu unakauka kwenye ngozi yake, sisugue. Ninaweka kitambaa ya mayi, ninangoja. Nikaleta vitambaa vyake vyote. Nikavilowesha, nikavitandika juu ya kapo, juu ya paa, bila kukandamiza. Kambo aliniangalia. Nikamuelezea sasa, yote, kopo ya mwisho, ndoa, bunga. Alifunga kitenge yake vizuri, akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Sijui alienda mara ngapi. Muntu wa miaka yake. Alimwaga, akarudi, akamwaga. Hakuomba kupumzika, hakusema samahani, hakusema uko na haki. Mayi yake ndiyo ilisema. Mama Odile na yeye akatupa tambara, akachukua beseni. Pemba ikaanza kushuka sawa maziwa. Hakuna aliyegusa rangi na kidole.

Magaribi bleu ilirudi. Nilizunguka, nikazunguka. Iko kamili. Isipokuwa juu ya kapo. Pale alianza kupaka, pale nguvu ilikuwa mingi, alama ya mukono ilibaki. Vidole vyote. Haina tena weupe, lakini haimeti.

Papa Bea alirudi, akaona, akaona mama yake na kitenge ya mayi mpaka kiuno. Alitazama kapo. Kisha akasema: "Mama, umekula?" Nilimupenda sana pale.

Siku ya kazi tano, tarehe 12

Nilipeleka habari Kikula mapema. Papa Fele akakuya na miguu. Aliinama, akaangalia ule mukono kutoka upande, kutoka chini, dhidi ya jua. Nilikuwa ninaomba Mungu. Akasema haikufika ndani. Rangi ikikomaa, baada ya mwezi, atakuya kuisugua na dawa yake, itaondoka yote ao itabaki kidogo. Leo hapana. Leo muntu asijaribu. "Nani aliondoa udongo?" akauliza. Nikasema sisi, na mayi. Akaitika na kichwa, akasema: "Mulifanya vizuri." Nitaikumbuka hii mpaka nizeeke.

Lakini bantu ba ndoa banakuya leo jioni.

Balifika wawili. Noko ya bibi harusi, ndugu ya mama yake, na tantine yake, mwanamuke munene wa kicheko. Noko alizunguka motoka na mikono nyuma. Akasimama mbele ya kapo.

"Hii ni nini?"

Papa Bea alifungua mudomo. Kambo akamutangulia. Alisimama pale katikati ya lupango, uwanja wetu, mudogo, akasema: "Ni mukono yangu, Papa. Mutoto yangu alitoka muzima ndani ya hii motoka. Nilishukuru. Nilishukuru vibaya."

Nilimubana Bea mpaka akalia.

Tantine akasema: "Noko, minye siko na neno. Bibi harusi atakaa ndani, hatakaa juu ya kapo." Noko hakucheka. Alisema kwenye Avenue ile ingine kuko Mercedes nyeusi, bataiangalia na ile. Akauliza tena maua batabandika wapi. Papa Bea akamuambia kubandika hapana, scotch, ile ya gundi, itang'oa rangi. Noko akasema: "Motoka gani hii yenye masharti kuliko bibi harusi?" Bakaenda. Jibu kesho asubuhi.

Hatukula vizuri. Kambo hakula kabisa. Niko na woga. Ni basi.

Siku ya posho, tarehe 13

Balikuya! Jua lingali chini. Tantine mwenyewe, na ribani nyeupe, na bougainvillier ndani ya karai. Sijui kama ni maneno ya Kambo, ao ni ile Mercedes ambayo batri yake imekufa. Papa Bea anasema batri. Minye sisemi.

Maua tulifunga kwenye pare-choc ya mbele na kwenye rétro, bioo bya pembeni, na kamba, hakuna scotch. Niliimwagia mayi mara ya mwisho.

Nilienda kusimama mbele ya kanisa na Bea. Motoka ikakata kona. Bantu bakageuka bote. Muji huu, ambapo kila kitu kimekuwa rangi ya kutu, na hii bleu inakuya polepole, na Papa Bea anaiendesha, mikono kwenye volan, shati nyeupe, mugongo imenyooka sawa siku ya ndoa yetu. Muntu mumoja nyuma yangu akauliza nani alipiga ile rangi. Nikageuka nikamuambia. Nikamuambia na avenue ya garaji ya Papa Fele.

Tumerudi na bunga.

Siku ya yenga, tarehe 14

Baada ya misa Kambo alisema anarudi kwake. Papa Bea alisema atamupeleka na motoka, polepole, vumbi isiruke sana. Alikataa. Mutoto yake akakataa kukataa kwake.

Tangu ile siku anapita mbali na motoka. Leo alisimama kando ya mulango, mikono yote ndani ya kitenge, anangoja muntu amufungulie. Sawa mugeni.

Nilimupa Bea baba yake. Nikachukua mukono ya Kambo, kavu, ya baridi, nikaiweka juu ya kitasa. Kitasa ni chuma, haina rangi. Aliniangalia. Akafungua mwenyewe.

Alikaa mbele. Bakaenda.