Fundo Lisilo Langu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua masijala saa moja na nusu. Paa linavuja kona ile ile. Nimesogeza kabati la barua za kawaida, nimeweka ndoo. Chai ya ofisini leo ni maji ya moto tu.

Saa nne Mkuu Wambura kaniita. Namba Tisa ameopolewa ziwani jana, upande wa Bunda. Alikuwa fundi wa injini za mitumbwi, anatuletea habari za bunduki zinazovushwa. Mikono ilikuwa imefungwa. Ni wa pili tangu Krismasi. Yule wa kwanza tulisema ajali. Sasa hakuna wa kusema ajali. Mtu wa humu humu ofisini anawauza.

Mkuu kataka faili yake. Faili za watu wetu wa siri haziingiagi kwenye kompyuta, ziko kwenye kabati la chuma. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao Mkuu. Wanaoruhusiwa kusoma ni watatu: Mkuu, Bwire na Chacha. Kila anayesoma anasaini rejista. Faili ya Namba Tisa haijasainiwa na mtu tangu Novemba.

Kamba ya kufungia faili hiyo ilikaza mno. Nimeikata kwa mkasi pembeni ya fundo, nimeumia kidole. Nimekasirika siku nzima.

Jumanne, 4 Machi

Mkuu kawaita Bwire na Chacha kikaoni. Amewaambia Namba Tisa amekufa. Hakuuliza kitu. Kila mtu anamwangalia mwenzake anavyomeza mate.

Mimi nasema ni Chacha. Anapiga mluzi ndani ya masijala, hasalimii, faili anarudisha zina alama za mafuta ya chapati. Huo siyo ushahidi, najua. Ila nimeamua kumchukia kwanza.

Bwire kapita jioni kunitania kama kawaida. Kasema sisi watu wa ng'ombe tunaogopaga maji hata ya kuoga. Nimecheka kidogo, kwa mara ya kwanza leo. Miaka kumi na moja tunafanya kazi pamoja. Ndiye baba wa ubatizo wa Neema wangu. Mume wangu alipofariki, Bwire ndiye aliyehangaika na jeneza, gari, kila kitu.

Jumatano, 5 Machi

Mchana nimeenda kupakwa majivu. Nimerudi, nimejifungia, nimekagua faili zote kumi na moja.

Mimi nafunga kamba kama tunavyofunga ndama kwetu Butiama. Unavuta mara moja, inaachia. Tisa ziko hivyo. Mbili zina fundo jingine, dogo, gumu, limepitishwa mara mbili. Ni faili za wale wawili waliokufa; la Namba Tisa bado liko kwenye kamba niliyoikata Jumatatu.

Kwa hiyo mtu anafungua kabati, anasoma, anafunga upya, hasaini. Sijamwambia yeyote. Hata Mkuu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeenda mwaloni Mwigobero, boti za wavuvi zinaposhusha samaki, kununua sato. Kuna mama alikuwa anashona wavu uliochanika. Nimemwangalia vidole. Nikamwomba anifungie kamba ya mfuko wangu vile vile. Kanishangaa, kafunga. Ni fundo lile lile.

Mkuu kakulia kwenye ng'ombe, ndani huko Bunda. Chacha ni wa Tarime, kitu akikifunga anakizungushia tu kama mzigo wa kuni. Mtu wa ziwani ofisini ni mmoja. Baba yake alikuwa msuka nyavu kule Majita. Amenisimulia mwenyewe kwamba alijua kufunga wavu kabla hajajua kusoma.

Nimerudi bila samaki. Natamani sana ingekuwa Chacha.

Jumapili, 9 Machi

Butiama kwa mama. Kapika ugali wa mtama, sikula. Kaniuliza kama naumwa, nikasema uchovu.

Nimekumbuka alivyopata ufunguo. Siku ya mazishi nilimkabidhi Bwire bunda langu lote la funguo, ili awafungulie wageni nyumba. Alikaa nazo siku nne, muda wa kutosha kuchongesha nyingine. Ufunguo wa kabati la chuma ulikuwa humo. Sikumwambia Mkuu, nilisahau, nilikuwa nalia. Kwa mlinda faili hilo ni kosa la kufukuzwa.

Watu wawili wamekufa kwa funguo zangu. Nimelia nyuma ya zizi ili mama asione.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Mkuu kila kitu, tumesimama kando ya gari lake. Na habari ya funguo pia. Kasema, "Fundo siyo ushahidi, mama. Mahakamani watatucheka."

Kanituma nitengeneze faili ya uongo. Namba Ishirini, fundi wa pampu za umwagiliaji, Bugwema. Bugwema hakuna fundi kama huyo. Namba ya simu nimeandika ya laini ya pili ya Mkuu, ambayo ofisini hawaijui. Nimeifunga kwa fundo langu la ndama.

Kikaoni Mkuu kadokeza kwamba tumepata mtu mpya, ameona zinapofichwa bunduki. Chacha kapiga miayo. Bwire kaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nagawa chai, mkono umetulia. Nimejishangaa.

Jumatano, 12 Machi

Faili ya Bugwema imefunguliwa. Fundo la wavu. Rejista haina saini.

Siyo hiyo tu. Na ya Namba Kumi na Saba. Huyu siyo wa kutunga. Ni mwanamke anauza uji pale kivukoni Kisorya, anahesabu boti na nani kashuka. Yupo, ana jina, na sasa jina lake wanalo.

Nimekimbilia kwa Mkuu. Nimesema atolewe leo leo. Kakataa. Eti tukimtoa, Bwire atashtuka, tungoje kwanza wajitokeze Bugwema. Nikauliza, wakianza na Kisorya je? Kasema hiyo ni amri, na mimi ni wa masijala, nirudi masijala.

Nimerudi. Nimekaa. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mkuu leo, na yeye siyo msaliti.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga simu kusema nina malaria. Nimepanda basi la kwanza la Kisorya.

Nimempata kirahisi. Majiko mawili, mwavuli wa bluu, kama faili inavyosema. Nimeagiza uji. Wateja walipopungua nikamwambia yeye ni Namba Kumi na Saba na aondoke. Kaendelea kukoroga. "Mama, sikufahamu." Nikamsomea kwa kichwa alichotuletea Januari, maneno yake yenyewe, mpaka boti yenye kiraka chekundu.

Mwiko ukasimama.

"Nani mwingine amesoma?"

"Anayewauza."

Hakuuliza tena. Kavua aproni, kachukua mkoba, kaniambia uji wa ulezi usiachwe uungue. Kaingia kwenye pantoni ya Ukerewe, hakugeuka. Alishasema ana dada yake huko, ambaye hatujamwandika kwenye faili yoyote. Nimeangalia mpaka pantoni imekuwa ndogo.

Wateja wakaja. Ningeondoka wangeuliza. Nimewapimia uji mpaka sufuria imeisha. Mmoja kalalamika sukari ndogo. Nimemjibu vibaya.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi na mapema watu wawili wa pikipiki wamefika Kisorya wakimuulizia mama wa uji. Wakaambiwa jana alikuwepo mwingine, mkali, hajui hata kuweka sukari. Saa nne wakawa Bugwema, wanamtafuta fundi wa pampu. Mtendaji wa kata alikuwa ameshaandaliwa. Wamekamatwa wote. Mmoja alikuwa na karatasi mfukoni yenye namba ya laini ya pili ya Mkuu. Mwandiko wa Bwire, naujua hata nikiwa nimefumba macho.

Wamemchukua mezani kwake saa sita. Hakubisha. Kavua saa ya mkononi, kaiweka juu ya mafaili, kapita mbele ya dirisha langu. Kaniangalia. Nimemwangalia na mimi. Sikuona aibu kwake wala hasira. Niliona mtu amechoka.

Mkuu kanipa barua nijieleze kwa kukaidi amri na kwa habari ya funguo. Ni haki yake. Chacha kaingia masijala, kanisalimia, kakaa kwenye kiti dakika kumi bila mluzi, kaondoka.

Jumanne, 18 Machi

Nimejibu barua. Ukurasa mmoja. Sikuomba msamaha kwa Kisorya. Kwa funguo nimeomba.

Wanasema walianza ndugu zake Bwire wa mwaloni, wanaomba vitu vidogo, njia ipi haina doria. Halafu vikawa vikubwa. Nilitaka sababu itakayonifanya nimchukie vizuri. Hii haitoshi.

Neema kauliza kwa nini Baba Bwire hapokei simu. Nimesema kasafiri kikazi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu alfajiri, imekatika mchana. Mama Debora, mke wa Bwire, kaja baada ya misa. Kakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nimempikia chai.

Siku tisa hajui mumewe yuko wapi. Ofisini wanamrudisha getini. Kasema Bwire alimwambiaga zamani, siku likitokea jambo lolote, nenda kwa Mama Neema, yule hatakuacha. Kwa hiyo amekuja. Kaniomba nimuulizie tu kama anakula. Halafu kauliza kwa sauti ya chini nani aliyemchongea mume wake.

Nimekula kiapo cha kutunza siri miaka kumi na tisa iliyopita na sijawahi kukivunja, hata kwa marehemu mume wangu.

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia na habari za wale wawili waliokufa.

Hakulia. Kashika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa. Kisha kasimama, kajifunga kitenge vizuri, kasema anaenda.

Nimemsindikiza, kama mgeni yeyote. Njia yote matope. Kwetu mgeni ndiye anayekuruhusu kurudi. Mkifika mahali anasimama, anasema basi, umenifikisha, rudi. Tumefika kwenye mwembe wa kona, hakusema. Tumefika barabara ya lami, hakusema. Anatembea tu, macho mbele, na mimi pembeni yake.

Nimetembea naye mpaka mlangoni kwake. Kaingia, kafunga. Nimesimama pale nje kidogo, halafu nikarudi bila kuruhusiwa.