Kurasa Nane za Mwisho

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Mchwa,

Hujambo? Mgongo unasemaje kwa kuinamia vitabu vya watu kutwa? Sisi hapa wazima, ila mimi ni mzima nusu. Nilianguka ngazini nikipaka dari ya ukumbi wa shule, mguu ukavunjika mahali pawili. Daktari amenifunga plasta hadi pajani na kunipa miezi minne ya kitanda. Fundi rangi mimi, nimelala chali natazama dari ya chumba changu mwenyewe, na kila nilipolipua kazi napaona.

Sasa cheka, maana najua utacheka. Mgeni mmoja alisahau kitabu cha hadithi sebuleni, wifi yako akaniletea nipoteze mawazo. Nikakimaliza kwa siku mbili, nikakirudia. Nimenogewa, dada, sijui nikueleze vipi. Wewe uko chumba cha kujalidi vitabu pale maktaba kuu, hukosi vya ziada. Nitumie vya upelelezi, vile vya kumfanya mtu aache chai ipoe.

Kaka yako

Tarehe 15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Pole sana kwa mguu. Mgongo wangu unalalamika ila haujaacha kazi.

Sijacheka. Nilitafuta kiti kwanza. Wewe? Vitabu? Wewe uliyenibandika jina la Mchwa mbele ya mtaa mzima, eti natafuna makaratasi? Na kweli natafuna, sikatai. Nimesoma nikitembea mpaka nikagonga nguzo ya umeme na kuiomba radhi. Siku ya harusi yangu nilisoma huku msusi yuko kichwani. Yule aliyekuwa mume wangu aliondoka akisema hawezi kugombania chumba na makabati ya vitabu. Nilimlilia wiki moja, kisha nikaweka kabati jingine upande wake.

Lakini kuna kitabu kimoja sijakimaliza, na unakijua. Kile cha jalada jekundu, cha kuazima kwa mwalimu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilizama humo, maharage yakaungua, ukaninyang'anya, ukachana kurasa nane za mwisho na kuondoka nazo. Mwalimu alikitazama akasema nibaki nacho, na nisiazime tena kwake. Mwaka mzima, kaka, nilisoma makopo ya maziwa na magazeti ya kufungia sabuni. Hakina jina, ukurasa wa jina ulishapotea zamani. Nimeuliza wauza vitabu, nimeuliza wakutubi, hakuna anayekijua. Fundi saa aliyemkosea mjane amerudi baada ya miaka mingi kuomba radhi, na mimi nimeachwa hapo mlangoni: "Akabisha hodi mara ya tatu, na kutoka ndani mjane akasema". Akasema nini? Miaka arobaini na moja nauliza hivyo.

Haya, vitabu vitatu hivyo. Ni vyangu, si vya maktaba. Ugua pole.

Mdogo wako

Tarehe 2 Aprili

Mchwa,

Salamu. Mguu unawasha ndani ya plasta, nachokonoa kwa spoku ya baiskeli.

Ya jalada jekundu tuyaache, ni mambo ya utoto. Nina shida kubwa zaidi. Kitabu cha kwanza nilikifuata mpaka mpelelezi akasimama katikati ya chumba na kusema, "Muuaji yumo humu ndani, naye ni". Nikafungua ukurasa unaofuata, jalada! Nikasema ni bahati mbaya, kimetoka kiwandani hivyo. Nikashika cha pili. Mtoto aliyeibwa anakaribia kumtambua mama yake sokoni, jalada! Cha tatu nilianza kwa kutazama nyuma, nikahesabu kurasa, nikarusha kitabu kikampata wifi yako begani.

Umefanya makusudi! Mgonjwa hafanyiwi hivi, jamani. Usiku na mchana namuwaza yule muuaji. Nitumie miisho yangu.

Kaka yako

Tarehe 11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mpe wifi pole ya bega.

Ndiyo, makusudi. Nilikata uzi wa mgongo wa kitabu, nikatoa fungu la mwisho la kurasa, nikashona upya, nikapaka gundi na kubana kwa vyuma siku mbili. Hukuona hata kovu. Kazi safi, sivyo? Uliponichania kitabu ndipo nilipoanza kujifunza kushona karatasi, kwa sindano ya mama, nikijaribu kukiponya. Ujuzi huu wote ni wako.

Nimekuwekea vinne vingine humu, navyo vimeshapita mkononi mwangu. Najua utavisoma, maana ugonjwa huo naujua. Miisho saba iko kwenye droo yangu, nimeifunga kwa utepe. Niambie ulizipeleka wapi kurasa zangu, kisha tutazungumza.

Mdogo wako

Tarehe 20 Juni

Mchwa,

Nimekaa zaidi ya miezi miwili bila kukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kwa sababu nilivisoma vyote vinne. Plasta imetoka, natembea kwa magongo.

Kurasa zako ninazo.

Sikuzichoma. Ziko kwenye sanduku langu la brashi, ndani ya bahasha, tangu siku ile. Nilitolewa shule darasa la sita nikabebe ndoo za rangi ili wewe uendelee, na hukuwahi kuniuliza kama niliumia. Kile chekundu nilikuwa nakisoma pia. Ulipokwenda shule nilikitoa chini ya mto wako, nikisoma kwa kidole, kurasa tano nyuma yako. Siku ya maharage nilikuuliza mbele ya rafiki zangu kama fundi saa atasamehewa. Ukasema bila kuinua macho, "Wewe utaelewa nini?" Wakacheka. Ndipo nilipochana. Maharage hayakuwa na kosa lolote.

Nitumie miisho yangu, nami nitakutumia kurasa zako.

Kaka yako

Tarehe 28 Juni

Kaka,

Sikumbuki kusema hivyo. Pengine nilisema.

Tuma wewe kwanza. Mimi nimesubiri zaidi.

Mdogo wako

Tarehe 30 Julai

Mchwa,

Haya, nimetuma kwanza, mkubwa ni mkubwa. Kurasa nane hizo, hesabu. Utaona nimezipaka rangi ya mafuta, nyeusi, mikono miwili, mmoja juu ya mwingine, pande zote, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Hakuna mchirizi hata mmoja. Kazi safi, sivyo?

Usihangaike. Nimezisoma kila mwaka, nazijua zote kwa moyo. Njoo na miisho yangu nikusomee. Hapo ndipo utajua kama naelewa.

Kaka yako

Tarehe 9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nilipofungua bahasha nilipiga ukelele, wenzangu wa kazini wakadhani nimejikata kidole. Nilijaribu tapentaini, kwa pamba, taratibu, kama ninavyofanya kwa vitabu vya thamani. Rangi ilitoka. Wino ulitoka nayo. Sasa nina kurasa nane nyeupe, na kitabu changu kimebaki kichwani mwako peke yake. Basi kuwa mwangalifu na hizo ngazi.

Nakuchukia, kaka, na siku nzima leo nimemuwaza yule kijana anayesoma kwa kidole. Sikukuuliza kama uliumia. Hilo ni langu.

Nakuja Jumamosi asubuhi. Mfuko mmoja nimetia miisho yako saba, mfuko mwingine kiberiti. Mwambie wifi asifungue mlango. Nitabisha hodi mara tatu, nawe utaitika kutoka ndani kwa maneno aliyosema mjane, yale yale, hata kama si mazuri. Ikiwa alimkaribisha fundi saa, nitaingia na utamjua muuaji wako. Ikiwa alimfukuza, nitakuwa nimekimaliza kitabu changu, nitaichoma miisho yako pale pale kibarazani na kurudi nilikotoka.

Wala usinidanganye. Nitajua kwa sauti yako.

Mdogo wako, Mchwa