Kwa Nini Mchumba wa Dada Haonekani?

Jumapili. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu bado haujatulia.

Mpanda leo ni matope matupu, lakini sebuleni kwetu viti havikutosha. Baba mkubwa alikuja kutoka Kasekese kwa ajili ya posa ya dada Anastazia, na alishasema hatoi binti kwa mtu ambaye hajamwona kwa macho yake. Mchumba, Joakimu, anafanya kazi Mtwara na hakupata ruhusa. Mshenga wake, mzee Pius, yuko Tabora. Ikabidi tukutane wote kwa video kwenye laptopu ya dada, na mimi niliyemaliza kidato cha nne juzi tu nikapewa kazi ya kukaa na kompyuta.

Nilifurahi. Kukaa na kompyuta hakuhitaji kuongea.

Mzee Pius, ambaye hakuacha kuongea, alionekana vizuri. Joakimu alikuwa kiboksi cheusi chenye jina.

Baba mkubwa alivumilia, mwishowe akauliza, "Huyu mkwe ni mtu au ni redio?"

"Hata redio huongea, kaka," shangazi akadakia. "Huyu labda kapungukiwa meno."

Watu wakacheka. Dada, aliyekuwa chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, hakucheka. Baba mkubwa akasema kikao kikiisha hajaiona hiyo sura, yeye anarudi Kasekese na jibu ni hapana.

Nilitoka kwenye kikao nikaingia tena. Kiboksi kilekile. Nikamwandikia Joakimu ujumbe kwa simu, akajibu kamera yake inawaka na sisi anatuona wote. Basi tatizo lilikuwa kwetu. Lakini kama ni mtandao wetu, mbona mzee Pius hakatiki? Swali hilo lilinikamata hadi nikasahau kuogopa watu.

Ndipo Joakimu akakohoa. Uso ukatokea, ukapotea.

"Mmeona nyie? Anachungulia!" shangazi akasema.

Mimi niliona kingine. Anaonekana akitoa sauti. Na kwenye posa mwoaji hatoi sauti, mshenga ndiye msemaji, yeye anakaa kimya kwa heshima. Nikafungua orodha ya viongezi, vile vijiprogramu vinavyojishikiza kwenye kivinjari. Kimoja dada alikiweka ili kuokoa bando. Nikasoma maelezo yake taratibu: kinakata picha ya mtu yeyote asiyeongea.

Kukizima kulitaka tutoke kwenye kikao, na mzee Pius alikuwa katikati ya maneno yake. Mshenga hakatizwi, tena na mtoto.

Nikamkatiza.

"Baba mkubwa, naomba tutoke kidogo. Mwenzetu yupo, kompyuta yetu ndiyo inamficha."

"Sema kwa sauti, mama," baba mkubwa akaniambia.

Nikasema tena, kwa sauti. Nikatutoa kwenye kikao, nikakizima kile kiongezi, nikaingia tena.

Tuliporudi, Joakimu alikuwa pale. Shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha shingoni, mikono magotini, kichwa kimeinama. Nadhani alikaa hivyo kikao kizima, akiamini tunamwona.

Baba mkubwa alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akamwambia ainue kichwa. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Haya. Mshenga, endelea. Huyu mtoto wenu ana adabu."

Shangazi, huyohuyo wa meno, ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

Sasa wanakula pilau huko nje barazani, na mimi bado nakiwaza kile kiongezi. Hakikuharibika. Kilifanya alichoagiza aliyekitengeneza, ambaye alidhani mtu asipoongea kwenye kikao hana haja ya kuonekana. Huyo mtu ni wa wapi? Kwao mkwe hujisemea mwenyewe?

Kwenye ukurasa wake kuna mahali pa kumwandikia. Nimeanza sentensi kwa Kiingereza changu cha shule, nikaifuta. Kesho naiandika upya, na nikishamaliza nabonyeza kutuma kabla sijaisoma mara ya pili.